Mashauri wa Nne

Yudith alikuwa mtu wa kusoma kilichoandikwa. Palipoandikwa chumvi alisoma chumvi, hata kama watu wote mezani walikwisha kubaliana kwamba ni sukari. Tabia hiyo ilimfaa kazini, maana alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapo Same mjini. Nyumbani iliwafanya ndugu zake wafikiri mara mbili kabla ya kumuuliza jambo. Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na saba, jua likiwa utosini, tabia hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye ukumbi wa Swalehe nyuma ya stendi ya mabasi, mahali ambapo kwa hiari yake asingetia mguu.

Ukumbi ule ulikuwa ghala la kahawa enzi za ushirika. Sasa madirisha yalizibwa kwa magunia ili picha ionekane vizuri, na hewa iliyobaki ndani ilikuwa imekwisha kuvutwa na kutolewa na watu wengi mno. Ulinuka soksi, maganda ya karanga na sigara za jana.

"Karibu Mwalimu, pita ndani," alisema Swalehe, mwenye ukumbi, Mtanga mnene aliyeletwa Same na mkonge na kuachwa na mkonge. "Harufu utaizoea."

"Sikuja kuizoea. Nimekuja kusoma."

"Haya, Wapare na kesi!" Swalehe akacheka. "Huku mtu yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Leo sisi tuna kesi ya kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa mbele, kando ya televisheni, na aliyekikalia alikuwa Tumainieli, kaka mkubwa wa Yudith. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati lake la kanisani, na mikono ameiweka magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mambo yalianza hivi. Milango ya biashara ilipofunguliwa, kila kitu kiliingia nchini: nguo zilizokwisha kuvaliwa, redio zilizokwisha kusikilizwa, na mwishowe michezo iliyokwisha kuchezwa. Swalehe alirudi kutoka Dar es Salaam na mashine ya gemu pamoja na kaseti tatu za mfululizo mmoja. Hazikuwa gemu za kupiga risasi. Zilikuwa za safari: shujaa anatembea nchi nzima, anaingia majumbani, anazungumza na watu, anapata nguvu kidogo kidogo, na maneno yote yanaandikwa chini ya picha. Tatizo ni kwamba maneno yalikuwa ya Kijapani, herufi kama kuni zilizomwagika njiani.

Hapo ndipo mji ulipomkumbuka Tumainieli. Wajapani walipokuja kuchimba mifereji ya mpunga kule Ndungu, yeye ndiye aliyewashikia fimbo ya vipimo, msimu baada ya msimu. Mtu aliyekaa na Wajapani muda wote huo, watu walisema, hawezi kukosa Kijapani. Tumainieli hakusema anakijua. Hakusema hakijui pia. Alikalishwa kwenye kile kiti, picha ikawaka, akafungua kinywa.

Aliyoyatoa humo yaliujaza ukumbi, naye akaitwa Msimulizi. Shujaa akaitwa Mashauri, na kaseti zikawa Mashauri wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu. Ile tarumbeta ya mwanzo ikawa baragumu la msaragambo, linalowaita watu wote kazini. Wale wenzake watatu waliomfuata kwa mstari, mmoja na fimbo, mmoja na shoka, mmoja na kikapu, ndio walioitikia wito. Kile kimraba cha buluu kilichokuwa juu ya kila mlima kikawa ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfongo, mfereji wa mashamba ya mlimani, na kisa chote kikawa cha maji: ni nani aliyeyaziba huko juu, na ni zamu ya nani kunywa. Wazee walikuja kusikiliza. Mwinjilisti Hezroni alikuja mara ya kwanza kuwatoa vijana wake wa kwaya. Mara ya pili alikuja peke yake.

Yudith alijua ukweli. Kaka yake alijua Kijapani kwa kadiri mbuzi anavyojua Injili kwa kuwa amefungwa karibu na kanisa. Lakini hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa na desturi ya kujibu asiloulizwa. Aliona vilevile jambo jingine ambalo nalo lilikuwa ukweli. Kabla ya kiti kile, Tumainieli, mradi ukiwa umekwisha na shamba la mkonge likiwa limempunguza kazi, alikuwa anakaa kutwa kwenye ukuta wa stendi akinuka gongo, hamsalimu mtu. Baada ya kiti alikula, alioga, na aliitikia shikamoo za watoto mitaani kwa sauti inayosikika. Kiti kikiondoka, ukuta wa stendi ulikuwa bado upo.

Sasa akatokea Anold. Huyu alikuwa kijana wa Mwanga, amemaliza kidato cha nne, kofia kaigeuzia kisogoni, naye alitoka Nairobi kwa mjomba wake na kaseti ya nne ya mfululizo uleule. Ya Kiingereza. Aliwaambia watu waziwazi kwamba mzee wao anawapiga fiksi, na kwamba Mwalimu akisoma kitakachoandikwa kwenye kioo, uongo wote utakauka kama umande. Swalehe, ambaye aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa hasara, akatoa masharti: kama hadithi ya Msimulizi haimo, kiti anapewa Anold, asome Kiingereza chake.

Asubuhi ya siku hiyo Tumainieli alipita nyumbani kwa dada yake. Hakuingia. Alisimama uani akiwatazama kuku.

"Yudi."

"Naam, kaka."

"Utasoma kilichoandikwa?"

"Nitasoma kilichoandikwa."

"Chote?"

"Chote."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na kuona ni halali. "Vizuri. Maana na mimi nina hamu ya kujua." Kisha akaenda.

Basi ndani ya ukumbi Swalehe akaichomeka kaseti. Ilikuwa na umbo tofauti na zile za zamani, ikambidi achonge plastiki yake kwa kisu mpaka ikakubali. Anold akakamata kidhibiti. Yudith akapewa stuli karibu na kioo. Ikupa, mama wa Kinyakyusa aliyeuza karanga mlangoni na ambaye hakuwahi kukosa hata Mashauri mmoja, akaburuta ndoo yake mpaka mbele, akaikalia.

Picha iliwaka. Baragumu halikulia. Zilidunda ngoma za disko, na kitandani akaonekana kijana amelala na taji kichwani.

"Soma, Mwalimu," alisema Anold.

"'Amka, Mwana wa Mfalme. Wewe ndiwe uliyechaguliwa.'"

"Baba yake nani?" aliuliza Ikupa.

"Haijaandikwa."

"Na mama yake?"

"Haijaandikwa."

"Kachaguliwa na nani, basi?"

Yudith akangoja maneno yafike mwisho. "Haijaandikwa. Kachaguliwa tu."

"Kama wakubwa wetu wa wilaya!" Swalehe alidakia, na ukumbi ukaangua kicheko.

Yudith hakucheka. Alikuwa amekuja na nia ya kutenda haki, na haki ilianza kwa kukiri kwamba picha zilikuwa nzuri. Majani yalicheza na upepo, maji yalimetameta. Lakini Anold alipomtembeza mwana wa mfalme kijijini na kumsimamisha mbele ya mtu wa kwanza, maneno yaliyotokea yalikuwa, "Hali ya hewa ni nzuri leo. Je, umepita dukani?" Akasoma. Mbele ya mtu wa pili: "Hali ya hewa ni nzuri leo. Je, umepita dukani?" Akasoma. Mzee mwenye mkongojo akasema hivyo. Mama mwenye mtoto mgongoni akasema hivyo. Mtoto naye akasema hivyo.

"Mbona hawaulizani habari?" alisema Mwinjilisti Hezroni. "Hata shikamoo?"

"Haijaandikwa, Mwinjilisti."

Ukumbi ukaanza kuitikia kabla yake. Kila mara mwana wa mfalme alipomkaribia mtu, watu wote walisema kwa pamoja, "Je, umepita dukani?" na kuangua kicheko. Yudith alihisi kitu kinampanda kooni polepole, kama mtu aliyepewa maziwa akagundua kwenye funda la pili kwamba yamelala. Haikuwa hasira. Alishawahi kusahihisha insha za namna hii: mwanafunzi ameambiwa aandike kurasa nyingi, hana la kusema, anaandika sentensi moja mpaka karatasi inajaa. Tofauti ni kwamba mwanafunzi huona aibu.

"Wenzake wako wapi?" aliuliza mtu wa nyuma. "Watu wa msaragambo?"

"Ngoja, mshikaji, wanakuja," alisema Anold, akamwingiza mwana wa mfalme kwenye kilabu cha pombe. Nyuma ya kaunta walipangwa watu kama chupa.

Yudith akasoma. "'Chagua wa kuajiri. Mpiganaji. Mganga. Mwizi.'" Chini ya kila mmoja palikuwa na bei.

Ikupa akaisogeza ndoo yake karibu zaidi na kioo.

"Wanauzwa?" aliuliza Ikupa.

"Wanaajiriwa."

"Hawakuitwa?"

"Hakuna aliyewaita."

Anold akamchukua mpiganaji, wakatoka naye porini, na mnyama mwenye meno akamwangusha mpiganaji palepale. Katika Mashauri wa zamani, mwenzao alipokufa muziki ulinyamaza, na kwenye mstari, mahali alipotembea marehemu, lilitokea jeneza. Lilifuata hivyohivyo, kijiji hata kijiji, mpaka lifikishwe kanisani. Hilo Tumainieli hakulitunga. Lilikuwa kwenye picha, na watu wa ukumbi ule, ambao hakuna aibu waliyoijua kubwa kuliko kumwacha maiti wako ugenini, walikuwa wanavua kofia. Sasa mpiganaji alimetameta mara mbili, akatoweka. Pakatokea maandishi.

"Soma, Mwalimu."

Yudith aliyasoma kwanza kwa macho. Kisha akayasoma kwa sauti, bila kuongeza wala kupunguza. "'Mwajiriwa wako ameisha. Ajiri mwingine?'"

"Ameisha?" alisema Mwinjilisti Hezroni. "Kama sabuni?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Maiti iko wapi?" Ikupa alikuwa amesimama juu ya miguu yake yote miwili. "We kijana, rudi nyuma, katafute maiti!"

"Mama, hakuna maiti. Ni gemu tu."

"Rudi!"

Anold akarudi, kwa kuwa sauti ya Ikupa haikuwa ya kubishana nayo. Pale mahali palikuwa na majani tu, yanacheza na upepo. Ikupa akasonya kwa muda mrefu, msonyo uliojaa mate, akaketi.

Kichefuchefu cha Yudith kilikuwa sasa kimepata sura. Aliwaza: kuna mtu, mahali fulani, alikaa mezani, akapewa jeneza lililokuwapo tayari, akaamua kuliondoa kwa sababu linachelewesha safari ya dukani.

Na dukani ndipo palipoharibika kabisa. Katika kaseti za zamani palikuwa na nyumba yenye msalaba, na mchezaji akiingia humo safari yake haipotei hata umeme ukikatika. Hakuna aliyejua Wajapani wanakuitaje kufanya hivyo. Tumainieli, Mlutheri wa kuzaliwa, alikuita kuokoka. "Umeokoka?" watu waliulizana mgao wa umeme ulipokaribia, na asiyeokoka alianza upya. Sasa mwana wa mfalme alisimama mbele ya rafu, na neno la Kiingereza lililoandikwa kwenye bidhaa ya kwanza, 'save,' kila aliyepita darasa la saba alilijua.

"Okoa!" walipiga kelele vijana. "Si ndiyo hiyo? Msimulizi alisema kweli! Okoa!"

"Hapa maana yake ni kuhifadhi," alisema Yudith. "Kuweka kitu kisipotee. Neno la Kiingereza ni moja, maana ni mbili."

"Mwalimu, usitufiche. Sisi wenyewe tunaliona."

"Ni kuhifadhi."

"Soma lote."

Akasoma. "'Jiwe la Kuhifadhi. Hutumika mara moja. Ukitaka zaidi, nunua zaidi.'"

Walisikia walichotaka kusikia. Mwinjilisti Hezroni aliinuka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wokovu," alisema, "unauzwa kwenye rafu. Kwa jiwe. Na ukiisha unanunua mwingine." Aliwageukia watu. "Ndugu zangu, Kanisa letu liligawanyika na lile la Roma kwa jambo hilihili!"

"Wakatoliki msijibu!" alisema Swalehe. "Ukumbi ni wangu, na mimi ni Mwislamu, sitaki vita."

Anold alitokwa jasho. Alitaka kuwaonyesha jambo litakalomshinda mzee moja kwa moja, na alilijua liliko. Akampandisha mwana wa mfalme mlimani, haraka, akiwapita watu wote wa hali ya hewa nzuri, mpaka kileleni, kwenye kimraba cha buluu.

"Haya. Ndiva yenu hiyo. Mwalimu, soma pale."

Yudith akasoma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipungua. "'Lango la Safari. Kanyaga, upelekwe utakako.'"

"Siyo ndiva?" aliuliza mtu.

"Ni lango."

Hapo Tumainieli, aliyekuwa hajasema neno tangu mwanzo, aliinama mbele kwenye kiti chake. "Maji yake yanakwenda wapi, Yudi?"

"Hakuna maji, kaka. Ni rangi tu."

Akarudi nyuma taratibu. Uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeonyeshwa kilichokuwa chini ya sufuria alimokula.

Swalehe akapiga makofi kuomba utulivu. "Basi, imetosha. Mwalimu, jibu mbele ya watu wote. Hadithi hii, ndiyo ile?"

"Siyo ile," alisema Yudith.

Ukumbi ulilipuka, lakini si upande ambao Anold aliutarajia. "Feki!" walipiga kelele. "Kanyaboya! Dogo katuletea kaseti ya kanyaboya!" Walikuwa wamepima hadithi mbili, na kwa kuwa hazikufanana, ile waliyoizoea ndiyo iliyokuwa kweli. Vijana walimsukuma Anold begani. Mmoja alimvua kofia. Swalehe alikuwa amekwisha kuunyosha mkono kuizima mashine, na Tumainieli alikuwa bado kwenye kiti.

Ilitosha Yudith anyamaze. Alikuwa amesema kweli, tena kwa neno alilotakiwa aseme. Wengine walikuwa wamejichanganya wenyewe. Alimtazama kaka yake, naye kaka yake alikuwa anamtazama, na machoni mwake hamkuwa na ombi lolote. Hilo ndilo lililomtia kinyaa na ukimya wake mwenyewe. Uongo unaotokea kwa kunyamaza, aliona, haukuwa na tofauti na yule mama mwenye mtoto mgongoni anayesifu hali ya hewa.

"Hamkunielewa," alisema, akasimama. "Kaseti si feki. Ina muhuri wa kampuni uleule ulio kwenye zile tatu. Waliotengeneza hizo ndio waliotengeneza hii. Na kaka yangu hajui Kijapani."

Kelele zilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Ati?" alisema Swalehe.

"Hajui. Hadithi mliyosikia ni yake."

Watu wakageuka kwenye kiti. Tumainieli alikohoa. "Najua kuhesabu mpaka kumi," alisema, "na kusema asante, na 'shika wima.' Walikuwa wananiambia sana 'shika wima.'"

Mzee mmoja wa Makanya, aliyekuwa anapanda lori kila Jumamosi kuja kusikiliza, aliinuka na kusema kwa uchungu, "Nililia mimi. Nililia ndani ya lori, mbele za watu, kwa jambo alilolitunga huyu mtu wa Mbaga." Akatoka, na gunia la mlangoni likabaki likining'inia vibaya nyuma yake. Wengine wawili watatu walimfuata. Anold aliokota kofia yake, akaipangusa, akaenda mpaka kwenye kiti na kusimama mbele yake.

"Samahani, mzee. Naomba nafasi."

Tumainieli akaanza kuinuka.

"Simama hapohapo, we mtoto," alisema Ikupa.

"Mama, kesi imekwisha," alisema Swalehe.

"Imekwisha wapi? Tumeambiwa nani hajui Kijapani. Hilo tumelisikia, na mimi nina hasira zangu, nitamwambia mwenyewe. Lakini mimi karanga zangu naziuza humu ndani, na macho yangu ndiyo yatakayoitazama hiyo ya dogo kila siku. Hatujaambiwa kama inafaa. Mwalimu, wewe ndiye uliyeisoma. Inafaa, haifai?"

"Haifai," alisema Yudith.

"Anamtetea kaka yake!" Anold alipaza sauti. "Mnaona? Ndugu!"

Swalehe alikuna tumbo, akawaza. "Hapana, dogo. Hapo unakosea. Angetaka kumtetea angefunga mdomo. Sote tulikuwa tumeshamtetea, yeye akaja akatuharibia. Huyu mwanamke hana ndugu." Akamgeukia. "Haifai kwa nini? Na useme kwa utaratibu, maana ni mimi nitakayechekwa."

"Picha ni nzuri kuliko za zamani," alisema Yudith. "Hilo liandikwe kwanza. Lakini humo ndani hakuna mtu. Shujaa hana baba wala mama wala deni la mtu. Wanakijiji wana sentensi moja, na sentensi hiyo ni tangazo la duka. Wenzake wananunuliwa, wakifa wananunuliwa wengine. Jeneza walikuwa nalo, wakaliondoa. Sikuambii kwamba hadithi haifanani na ya kaka yangu. Haikuwa na wajibu wa kufanana nayo. Nakuambia kwamba wameandika maneno mengi na hawakusema kitu, na mtu aliyefanya hivyo kwa makusudi, akakiweka kwenye boksi zuri, amenidharau mimi ninayesoma. Nimesoma kwa saa nzima na nataka kusukutua mdomo."

"Lakini ndiyo ya kweli!" alisema Anold, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtoto. "Ndiyo waliyoandika wenyewe!"

"Ni ya kweli. Na ni mbovu. Kwani umeambiwa vitu hivyo haviwezi kukaa pamoja?"

Swalehe akaichomoa kaseti iliyochongwa kwa kisu, akampa Anold mkononi kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani. Anold hakutukana. Aliitia mfukoni, akasema kwamba Mwanga watu wanajua kutazama vitu vya kisasa, akaenda zake stendi kungoja gari.

Mwinjilisti Hezroni alikuwa bado ana jambo lake. "Tumainieli," alisema, "na kule kuokoka?"

"Nyumba ilikuwa na msalaba, Mwinjilisti. Wewe ungeiitaje?"

Mwinjilisti alivua miwani, akaifuta tena, akaketi.

Tumainieli akamwita dada yake karibu. "Yudi. Zile tatu zetu. Unadhani na ndani yake kuna hivihivi? Hali ya hewa na duka?"

"Sijui. Sisomi Kijapani."

"Nimekuuliza unadhani nini."

"Mimi huwa sidhani, kaka."

Alitikisa kichwa, akapokea hilo kama alivyopokea mengine ya siku hiyo. Swalehe, aliyeona watu waliobaki hawaondoki, akaingiza Mashauri wa Tatu. Baragumu likalia. Kila jicho likaenda kwenye kiti, na Tumainieli, ambaye siku zote alianza kabla baragumu halijaisha, alikaa kimya mpaka likaisha.

"Haya, Msimulizi," alisema Ikupa. "Kwa kuwa kumbe unatunga, leo mpe yule wa shoka mke. Ananisikitisha."

"Mpe na pikipiki!" alisema kijana wa nyuma, na watu wakacheka, kicheko kipya, kisicho na heshima ndani yake. "Ivunje ile milima, wanachelewa!"

"Yule shangazi aliyeziba maji ya watoto, msamehe, bwana," alisema mwingine. "Si ni maneno yako? Badilisha."

Yudith aliyaona yote waziwazi, kama alivyokuwa ameyaona maandishi. Kiti kilikuwa kimebaki, na kilichokifanya kiwe kiti kilikuwa kimekwenda. Kuanzia sasa kila mtu angekuja na mke wake na pikipiki yake, na mwisho wa wiki Mashauri angekuwa anasifu hali ya hewa. Na ni yeye aliyeufungua mlango huo. Hakujuta.

Tumainieli aliinuka. Hakuwa mrefu, ila alikuwa ameshika fimbo ya vipimo juani kwa miaka, na alijua kusimama bila kuyumba.

"Wa shoka hana mke," alisema. "Alikuwa naye, akafa, mlikuwapo. Pikipiki hakuna. Shangazi aliziba maji watoto wakiwa wanatazama, na hasamehewi."

"Kwani si unatunga wewe?"

"Nilitunga. Nikishasema, basi imekwisha kuwa, hata mimi siwezi kuigusa. Anayetaka kubadilishiwa, dogo bado yuko stendi, amfuate. Kule watu wanabadilishwa kila siku."

Walinung'unika. Kijana wa pikipiki alitoka kweli. Ikupa alimtazama Tumainieli kwa ukali muda mrefu, hasira zake zile akiwa bado hajazisema.

"Hata shangazi?" alisema.

"Hata shangazi."

"Kichwa kigumu, we mzee." Akaketi vizuri kwenye ndoo yake. "Haya, wako wapi sasa?"

"Wako kwenye mteremko," alisema Tumainieli, naye akaketi. "Wanashuka, na jeneza lao nyuma."